Ada ya usafirishaji inayozidi bei ya toleo lenyewe katika minada ya katuni mtandaoni

Mtunza Matoleo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninakusanya matoleo ya zamani ya mfululizo mmoja wa katuni za mashujaa, na nimebakiza machache ya katikati ambayo siku hizi hayapatikani ila katika minada ya mtandaoni. Muuzaji mmoja ameyaweka sita kati ya hayo mnadani, kila toleo peke yake, na minada yote sita itafungwa jioni moja kwa kupishana dakika chache. Bei ya kuanzia ni ya chini sana. Lakini ukishuka hadi sehemu ya usafirishaji unakuta ada iliyo karibu mara tano ya bei hiyo, na ada hiyo hiyo imerudiwa katika kila mnada. Nilimwandikia kumuuliza iwapo atayafunga pamoja matoleo yote nitakayoshinda na kunitoza usafirishaji mara moja, au angalau kunipunguzia kuanzia toleo la pili. Alijibu kwa sentensi moja tu, kwamba kila toleo lina ada yake.

Jambo hili linanikera zaidi kwa sababu ya kifurushi nilichopokea hivi karibuni kutoka kwa muuzaji mwingine. Lebo ya posta iliyobandikwa juu yake ilionyesha kiasi kilicholipwa, na kiasi hicho hakikufika nusu ya nilichotozwa. Ningeikubali tofauti hiyo kama ingeonekana katika ufungaji, lakini toleo lilikuwa ndani ya bahasha nyembamba, bila kadibodi upande wowote, na kona ya chini ya jalada la nyuma ilikuwa imekunjwa hadi rangi imepasuka na weupe wa karatasi unaonekana. Kwa mkusanyaji, mkunjo wa namna hiyo hautengenezeki. Toleo limeshuka daraja na halitapanda tena.

Ninaomba msaada wa mawazo katika mambo haya. Muuzaji ana haki ya kutoza kiasi gani zaidi ya kile anacholipa posta? Mtu anapimaje, kabla ya kuweka dau, kwamba ada fulani ni ya haki au ni faida iliyofichwa? Na je, katika hali yangu ya matoleo sita, niweke dau au niachane nayo, nikijua kwamba huenda nikasubiri muda mrefu kabla hayajatokea tena?

Nawasilisha.

Mfungaji wa Vifurushi

Ndugu mleta mada, ninakujibu nikiwa upande wa wauzaji, kwa kuwa nimeuza matoleo ya zamani kwa njia ya mnada kwa miaka mingi, na ningependa nianze na lile linaloweza kutetewa.

Toleo la zamani halitumwi kama barua. Kwanza linaingia katika mfuko wake wa plastiki likiwa na kadi ngumu nyuma yake, na mdomo wa mfuko unafungwa kwa selotepu bila kuacha gundi wazi, kwa sababu mpokeaji akilichomoa toleo na jalada likagusa gundi hiyo, rangi itanyofoka pale pale. Kisha linalazwa katikati ya vipande viwili vya kadibodi yenye mawimbi, vinavyolizidi kwa sentimita mbili au tatu kila upande, mawimbi ya kipande kimoja yakipita wima na ya kingine yakipita mlalo, ili kifurushi kisipinde kwa upande wowote. Mfuko wenyewe unabandikwa kwenye kadibodi ili toleo lisiteleze safarini na kwenda kugonga kona. Juu ya hayo huja plastiki ya kuzuia maji, na mwisho boksi au bahasha ya kadibodi ngumu. Vifaa hivyo vyote vinanunuliwa, kazi hiyo inachukua muda, na muuzaji anayeifanya vizuri anastahili kulipwa kwayo.

Lipo pia suala la kamisheni, ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Zamani eBay, tovuti kubwa ya minada ya mtandaoni, ilikuwa ikichukua asilimia yake katika bei ya mauzo peke yake, kwa hiyo baadhi ya wauzaji walishusha bei ya bidhaa na kupandisha usafirishaji ili sehemu kubwa ya fedha isikatwe. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilianza, kwa mauzo ya Marekani, kukata kamisheni hata katika kiasi kilicholipwa kwa usafirishaji, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni kuondoa kishawishi hicho hasa. Hatua hiyo ilipunguza ujanja, lakini ilimwongezea gharama hata muuzaji mwaminifu: akikutoza sawasawa na kile anacholipa posta, atabaki na upungufu wa kamisheni iliyokatwa humo. Kwa hiyo ukiona lebo ya posta ina kiasi kidogo kuliko ulichotozwa, usihukumu kabla ya kukumbuka kwamba katika tofauti hiyo mna vifaa, kamisheni, na pengine punguzo ambalo muuzaji analipata posta kwa kutuma vifurushi vingi.

Hata hivyo, maelezo hayo yana mwisho wake. Hayawezi kueleza tofauti ya zaidi ya mara mbili kwa bahasha isiyo na kadibodi. Muuzaji aliyekutoza fedha za ufungaji kisha asifunge amekuuzia kitu ambacho hakukitoa, na sioni jina la upole la kuliita jambo hilo.

Kuhusu yule wa matoleo sita, nasema waziwazi kwamba anakosea. Toleo la kawaida la kurasa 32, likiwa na mfuko wake na kadi yake, halifiki gramu 200. Sita kwa pamoja, pamoja na kadibodi na boksi, yanaingia kwa nafasi chini ya kilo 2, ambazo ndizo kikomo cha vifurushi vidogo katika posta za kimataifa. Atafunga mara moja, ataandika anwani mara moja, na atakwenda posta mara moja. Toleo la pili linamwongezea gharama ya uzito wake na mfuko wake, basi. Anayetoza ada nzima mara sita kwa boksi moja analipwa kwa vifurushi vitano visivyokuwepo.

Nikitoka hapo, kuna hali moja ambayo ada kubwa huwa ya kweli: matoleo yaliyopimwa daraja na kufungiwa katika makasha magumu ya plastiki, kama yale ya CGC, kampuni iliyoanza kazi hiyo mwaka 2000 na inayotoa alama kuanzia 0.5 hadi 10.0. Kasha hupasuka likigongwa, kwa hiyo linahitaji boksi lenye nafasi ya kujazwa kinga pande zote. Kampuni za usafirishaji wa haraka kama DHL, FedEx na UPS hazitazami mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na uzito wa ujazo ukizidi ule wa mizani wanatoza huo. Boksi la sentimita 40 kwa 28 kwa 10, ambalo ni la kiasi tu kwa kasha moja, linahesabiwa kuwa kilo 2.24 hata kama ndani yake kuna gramu mia chache. Makasha sita katika maboksi sita ni zaidi ya kilo 13 za hesabu. Yaweke pamoja katika boksi moja la 40 kwa 28 kwa 16 na hesabu inashuka hadi chini ya kilo 3.6. Ndiyo maana hata kwa makasha, ambayo ni ghali kuyatuma, kuunganisha kunaokoa fedha nyingi kuliko njia nyingine yoyote ninayoijua.

Daftari la Mnada

Ninaunga mkono aliyosema Mfungaji, ila ningependa kuliangalia suala hili kutoka pale ambapo fedha zinaamuliwa hasa, yaani wakati wa kuweka dau.

Mwaka 2006 wachumi Tanjim Hossain na John Morgan walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya ndani ya eBay kwa kuuza sidii za muziki na michezo ya Xbox. Waliuza bidhaa zinazofanana kwa namna mbili: moja yenye bei ya kuanzia ya juu na usafirishaji wa chini, nyingine yenye bei ya kuanzia ya chini na usafirishaji wa juu, huku jumla ya kiwango cha chini, yaani bei ya kuanzia pamoja na usafirishaji, ikiwa ile ile. Kwa mnunuzi anayepiga hesabu kamili, minada hiyo miwili ni sawa. Lakini ile yenye bei ya kuanzia ya chini ilivutia wapiga dau wengi zaidi na mara nyingi ikaishia kwa mapato makubwa zaidi kwa muuzaji. Faida hiyo ilitoweka pale jumla ya kiwango cha chini ilipokuwa kubwa ikilinganishwa na thamani ya bidhaa dukani. Kwa maneno mengine, wapiga dau wengi huitazama namba kubwa iliyoandikwa juu na kuisahau ile ndogo iliyoandikwa chini yake, mpaka ile ya chini ipande kiasi cha kutosahaulika.

Muuzaji wako anajua hilo, au amelijua kwa uzoefu. Dawa yake si hasira. Dawa yake ni kuanzia na jumla. Jiulize toleo hilo lina thamani gani kwako likiwa mikononi mwako, katika hali iliyoelezwa, kila kitu kikiwa kimelipwa. Kutoka katika kiasi hicho ondoa usafirishaji na kodi unayoitarajia. Kinachobaki ndicho kikomo cha dau lako. Kama mnada ni wa nyumba ya mnada inayomtoza mnunuzi kamisheni juu ya bei ya nyundo, yaani bei ambayo mnada umefungwa kwayo, kama zifanyavyo nyumba kubwa za minada ya vitu vya kukusanywa, hesabu inaongezeka hatua moja. Tuseme jumla unayoweza kuvumilia ni 100, usafirishaji ni 28, na kamisheni ya mnunuzi ni asilimia 20. Ondoa 28 zibaki 72, kisha gawanya 72 kwa 1.2, upate 60. Hapo ndipo unaposimama. Anayesahau kamisheni ataweka 72, na ataletewa ankara ya zaidi ya 114.

Kikomo hicho kiandike kabla mnada haujachangamka, na kiwe cha kila toleo peke yake. Katika dakika za mwisho hakuna mtu anayepiga hesabu vizuri, na kwa minada sita inayofuatana ni rahisi sana kujiambia kwamba ulichookoa katika toleo la kwanza unaweza kukiongeza katika la tatu.

Kuna madhara mengine ya ada hizi ambayo sijaona yakizungumzwa vya kutosha, nayo ni kuharibika kwa kumbukumbu za bei. Sisi wakusanyaji tunapotaka kujua thamani ya toleo tunatazama lilivyouzwa mara zilizopita. Rekodi nyingi zinaonyesha bei ya kufunga mnada bila usafirishaji. Toleo lililouzwa kwa 10 na kusafirishwa kwa 50 linaingia katika kumbukumbu kama la 10, na lile lililouzwa kwa 55 na kusafirishwa kwa 5 linaingia kama la 55, ilhali wanunuzi wote wawili walitoa 60. Anayekuja baadaye na kutazama orodha hiyo ataona soko lisiloeleweka, au atadhani ameibiwa kwa kulipa 55. Kwa matoleo adimu madhara haya si makubwa, kwa sababu usafirishaji ni sehemu ndogo ya bei. Lakini kwa matoleo ya kati, ambayo ndiyo wengi wetu tunayanunua, ada ya usafirishaji ni sehemu ya bei yenyewe, na rekodi isiyoitaja haikwambii kitu cha kutegemea. Ninapoandika bei katika daftari langu ninaandika jumla, na ningewashauri wengine wafanye vivyo hivyo.

Karatasi na Wino

Ninaongeza upande wa mnunuzi aliye nchi tofauti na muuzaji, kwa kuwa hapo ndipo ada zinapofikia viwango vya kukatisha tamaa, na si zote ni kosa la muuzaji.

Wengi wanakumbuka enzi ambapo boksi la matoleo kutoka Marekani lilikuja kwa meli kwa bei nafuu, hata kama lilichukua wiki nyingi. Huduma hiyo haipo tena: shirika la posta la Marekani liliifuta huduma ya kutuma vifurushi nje ya nchi kwa njia ya nchi kavu na baharini mwezi Mei 2007, na tangu hapo kila kitu kinakwenda kwa ndege. Mwezi Januari 2013 viwango vya posta hiyo kwa vifurushi vya nje vilipanda tena kwa kishindo. Kwa hiyo muuzaji wa Marekani anayekutajia ada kubwa kwa toleo moja huenda anakutajia bei ya posta ilivyo. Namna ya kuthibitisha ni rahisi, kwani mashirika mengi ya posta na kampuni za usafirishaji yana vikokotozi vya bei katika tovuti zao: ingiza nchi ya kutoka, nchi ya kufika na uzito uliokadiriwa, kisha linganisha. Fanya hivyo kabla ya kumwandikia muuzaji, kwa sababu barua inayotaja namba hujibiwa kwa heshima zaidi kuliko barua ya malalamiko matupu.

Pia angalia ni nani anayetoza. Tangu mwaka 2012 eBay imekuwa na mipango ambayo muuzaji anatuma kifurushi hadi kituo cha nchini mwake, na kuanzia hapo mtu mwingine anakipeleka nje na kukutoza usafirishaji wa kimataifa pamoja na ushuru na kodi kwa mkupuo mmoja. Katika mpango wa namna hiyo muuzaji hapati hata senti moja ya ada ile kubwa unayoiona, na mara nyingi hana uwezo wa kuipunguza. Unachoweza kumwomba ni kwamba akutumie kwa posta ya kawaida nje ya mpango huo wa kituo, huku malipo yakibaki ndani ya jukwaa la mnada.

Sasa nije kwenye kodi, kwa sababu mleta mada anaweza kujikuta analipa kodi hata juu ya ada ya usafirishaji. Nchi nyingi zinakadiria thamani ya forodha kwa kujumlisha bei ya bidhaa, bima na usafirishaji hadi kufika nchini. Marekani ni miongoni mwa zisizoingiza usafirishaji wa kimataifa katika thamani hiyo, lakini usidhani nchi yako inafanya hivyo kabla hujahakikisha. Vitabu na machapisho yamo katika sura ya 49 ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na kutokana na makubaliano ya Florence ya mwaka 1950 chini ya UNESCO nchi nyingi haziyatozi ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani ni habari nyingine, nayo pale inapotozwa kwa kawaida huhesabiwa juu ya jumla hiyo yote. Kwa hiyo, mahali ilipo kodi hiyo, muuzaji anapoongeza usafirishaji kwa kiasi fulani, wewe unaongezewa kiasi hicho pamoja na kodi juu yake. Na usikubali kamwe pendekezo la muuzaji la kuandika thamani ya uongo katika fomu ya CN22 au CN23, yaani fomu za posta za kutangaza forodha yaliyomo na thamani yake. Ni kosa la kisheria, na kifurushi kikipotea bima italipa thamani iliyoandikwa, si uliyoilipa.

Neno dogo kwa wanaonunua na kupokea ndani ya Marekani: kuna kiwango nafuu cha posta kiitwacho Media Mail, kilichowekwa kwa ajili ya vitabu na machapisho ya namna hiyo. Wanunuzi wengi humshinikiza muuzaji akitumie. Kiwango hicho hakiruhusu matangazo ya biashara, isipokuwa matangazo machache ya vitabu, na katuni za zamani zimejaa matangazo kuanzia jalada la ndani. Posta ina haki ya kukifungua kifurushi cha namna hiyo na kukikagua. Muuzaji anayekataa kukitumia hakunyonyi. Anafuata kanuni, na anakuepusha na mtu asiyejua thamani ya toleo kuligeuza-geuza katika kituo cha posta.

Mtunza Matoleo (mleta mada)

Ninawashukuru nyote kwa michango hii, ambayo imenisaidia kuliona suala langu kwa upana zaidi ya nilivyotarajia.

Nimefanya alivyoelekeza Karatasi na Wino. Muuzaji wangu hatumii mpango wa kituo. Anatuma mwenyewe kwa posta ya kawaida. Kikokotozi cha posta ya nchi yake kinaonyesha kwamba ada anayotaka kwa toleo moja inazidi gharama ya posta kwa karibu theluthi moja, jambo ambalo, baada ya kusoma maelezo ya Mfungaji kuhusu vifaa na kamisheni, naona linavumilika. Lakini matoleo sita pamoja yangegharimu chini ya mara mbili ya posta ya toleo moja, naye anataka mara sita.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nikiyashinda yote, je, ninaweza kumtaka atume ankara moja yenye ada iliyopunguzwa kabla sijalipa? Na kuhusu lile toleo lililofika likiwa na kona iliyokunjwa, je, malalamiko yangu yawe juu ya ada au juu ya hali ya toleo?

Jalada la Nyuma

Kwa swali la pili, lalamikia hali ya toleo. Ada ya usafirishaji uliiona kabla ya kuweka dau na ukaikubali, kwa hiyo jukwaa la mnada litakuambia kwamba ulikuwa na habari zote. Toleo lililoelezwa kuwa na kona nzima kisha likafika limekunjwa ni kitu kisicholingana na maelezo, na huo ndio msingi ambao majukwaa makubwa yanautambua katika ulinzi wa mnunuzi. Piga picha ya kona hiyo kwa mwanga wa pembeni, ili mkunjo uonekane, na nyingine ya bahasha ikiwa wazi kuonyesha kwamba hakukuwa na kadibodi. Bahasha usiitupe, kwa kuwa bila hiyo muuzaji anaweza kudai kwamba alifunga vizuri. Zingatia muda, maana dirisha la kufungua malalamiko huhesabiwa kwa siku na likishafungwa hakuna wa kukusikiliza.

Katika kumtathmini muuzaji, taja ufungaji na kiasi cha posta kilichoandikwa kwenye lebo. Mwandike kwa lugha ya kiasi. Wanunuzi watakaofuata watafaidika zaidi na mambo mawili yaliyoelezwa kwa usahihi kuliko na matusi.

Daftari la Mnada

Kwa swali la kwanza, unaweza kuomba ankara moja, na majukwaa mengi yana kitufe cha kumwomba muuzaji jumla mpya kabla ya kulipa. Lakini yeye amekwisha kukujibu kwa maandishi kwamba hatapunguza, na dau linaloshinda ni ahadi ya kununua kwa masharti yaliyoandikwa. Ukishinda sita kwa matumaini kwamba atalegea, utakuwa umejifunga wewe, yeye akiwa huru. Weka dau kana kwamba kila toleo litakuja peke yake kwa ada kamili. Kama kwa hesabu hiyo toleo halifikii thamani yake kwako, liache.

Ningependa kukukumbusha pia kwamba ada hiyo wanaiona wapiga dau wote. Wanaojua hesabu watakaa mbali au watasimama chini, na kuna uwezekano mkubwa kwamba baadhi ya matoleo hayo hayatapata dau hata moja. Muuzaji aliyebaki na matoleo manne mkononi si yule uliyemwandikia wiki hii. Huo ndio wakati wa kumwandikia tena.

Mfungaji wa Vifurushi

Nakubaliana na Daftari, na ninajua kutoka upande wangu kwamba ni kweli. Matoleo yasiyouzwa yanamrudisha muuzaji katika kazi ya kupiga picha, kuandika maelezo na kusubiri upya. Ukimwandikia baada ya mnada kufungwa, usimwombe punguzo la usafirishaji, kwa sababu hilo amekwisha kulikataa na watu hawapendi kubatilisha neno lao. Mwombe ayaorodheshe upya yaliyobaki kama fungu moja, kwa bei moja ya kununua papo hapo na usafirishaji wa boksi moja, na umtajie jumla uliyo tayari kuilipa. Akikushawishi mmalizane nje ya jukwaa ili kukwepa kamisheni, kataa. Utapoteza ulinzi wote wa mnunuzi, na kanuni za jukwaa zinakataza.

Mtunza Matoleo (mleta mada)

Nimepiga hesabu ya kila toleo kwa ada kamili na kodi. Mawili, ambayo sijayaona mnadani kwa muda mrefu, yanabaki na kikomo cha dau chenye maana, na nimekwisha kuyawekea. Manne mengine hayafiki hata bei ya kuanzia, kwa hiyo sitayagusa. Barua ya fungu moja nimeiandaa na nitaituma siku inayofuata kufungwa kwa minada, nikitaja namba za matoleo yatakayokuwa yamebaki na jumla yangu. Malalamiko ya kona iliyokunjwa nimeyafungua leo, nikiambatanisha picha za toleo, bahasha na lebo.